Nilivyomsingizia Mama Mkwe Moshi

Mkiniona siku hizi napita Mbugani upande wa pili wa barabara, nimeinua shingo nayatazama mapaa ya maduka kana kwamba natafuta bati lililotoboka, msidhani nina maringo. Ni aibu tu. Nalikwepa duka la Bwana Salum, nawakwepa watu wa ghala la kokoa, na Jumapili kanisani nalikwepa benchi analokaa mama mkwe wangu (hilo silikwepi vizuri, maana akiniona ananiita kwa sauti nikae karibu naye, na kabla hajanisalimia anavuta kwanza hewa puani, fff, halafu ndiyo "Ugonile, baba"). Kuna watu wa Ipyana sijawahi kuongea nao maishani mwangu, tukipishana njiani wananipungia mkono, kisha wanaunusa mkono wao wenyewe na kuondoka wakicheka. Kwa hiyo nimeona afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu huko vijiweni wameshaongeza chumvi mpaka eti nilizimia. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa nafuu.

Mimi nilikuwa mvutaji, tena si wa kuonjaonja. Nilivuta kabla ya chai, nikavuta na chai, nikavuta baada ya chai kuishusha ile chai. Nikifurahi navuta, nikiudhiwa navuta, na nikikosa la kufanya ndipo navuta hasa. Mke wangu Atupele alivumilia miaka mingi, mpaka asubuhi zikaanza kuniamsha kwa kikohozi, kile cha kuinama na kushika ukuta. Sasa nyie hamkumjua baba yake Atupele. Yule mzee alivuta mpaka akawa anakohoa kuliko anavyoongea, na alikufa hivyohivyo, anakohoa. Basi siku moja nipo uani nimeshika ukuta, Atupele anaosha vyombo, hata hakugeuka kunitazama, akasema, "Baba Lugano, kikohozi kimoja nimeshakizika. Cha pili sikiwezi."

Nikaacha. Hapa naomba mnipe haki yangu, maana huko mbele sitakuwa nayo: kweli niliacha. Na nisiwadanganye, arosto ya sigara ilinishika ikanitikisa. Niligombana na majirani, nikagombana na mwanangu Lugano kwa kosa la kutafuna kwa sauti, nikagombana na kuku. Wanasema mwili ndio unaosumbua. Mimi mwili ulinisumbua kidogo tu, ukaniachia. Kilichonisumbua ni mkono. Mkono ulikuwa na ratiba zake. Chai ikiisha, mkono unaingia mfukoni wenyewe, unapapasa, haukuti kitu, unatoka umenuna. Nikimaliza safu ya palizi shambani, mkono mfukoni. Mtu akinipa habari mbaya, mkono mfukoni. Ikabidi niutafutie kazi: nikaujazia mfuko karanga, nikawa natafuna karanga mchana kutwa mpaka taya zinauma, na jioni nikamaliza na muwa. Kuna siku nilikaa nyuma ya nyumba nikalia kwa sababu karanga zimeisha. Mwanaume mwenye ndevu, analilia karanga. Lakini sikuvuta.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyenidokeza. Pua ilirudi. Asubuhi moja nimekaa tu, nikasikia harufu ya wali wa jirani uliopaliwa makaa, nikainuka bila kujua nainukia nini, nikaenda mpaka kwenye uzio nikashika miti ya watu. Jamani, mimi nimezaliwa Kyela, mchele huu nimeula tangu sijaota meno, watu wanaufuata kutoka mikoa ya mbali kwa ajili ya harufu yake, na kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naula kama anayekula pamba. Machozi yalinitoka tena, safari hii ya furaha. Nikaingia ndani nikanusa koti langu la zamani, nikalitoa nje kwa ncha ya fimbo.

Hapo ningekaa kimya, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Tatizo ni kwamba kuacha sigara ni kuzuri, ila kusifiwa kwamba umeacha sigara ni kutamu zaidi, na mimi ule utamu wa pili niliuvuta kwa kichungi na bila kichungi. Akina mama wakinipita wanasema, "Gwakisa amekuwa mtu mpya," nami nanyoosha mgongo. Nikaanza kutoa ushauri ambao haukuombwa. Mteja wangu mkubwa alikuwa Lusajo, karani wa mizani pale ghalani, kijana wa watu mpole, anavuta sigara yake waziwazi chini ya mkorosho nje ya geti, akimaliza anasukutua, ananawa kwa sabuni, anarudi kazini. Kila nikimkuta namsimamia kichwani.

"Kaka, nimejaribu mara nyingi," ananiambia. "Inanirudisha."

"Hujajaribu," namjibu. "Ni nia tu, Lusajo. Ni nia tu."

Wala sikumwambia habari za karanga. Karanga nilizisahau. Mtu akishasifiwa vya kutosha hukumbuka ushindi tu, hakumbuki alivyoulilia.

Sasa niwaeleze habari ya ghala, kwa ambao hamlimi kokoa. Kwetu huuzi kokoa yako kivyako. Unavuna, unazivundika mbegu kwenye majani ya migomba mpaka zichachuke, unaanika, kisha unapeleka kwenye ghala la chama chetu cha ushirika, na huko zote zinachanganywa, ya kwako na ya jirani, zinakwenda mnadani zikiwa mzigo mmoja. Na mvua za huku hazina adabu, zinanyesha hata siku ambayo umeshatandika turubai. Kuna watu wakikosa jua wanakausha kokoa juu ya jiko la kuni, na kokoa haina siri, inakunywa ule moshi wote. Mnunuzi akinusa gunia moja akakuta moshi, anautilia shaka mzigo mzima, tunalia wote. Ndiyo maana pale mlangoni lazima akae mtu wa kunusa kila gunia. Cheo chake rasmi ni mkaguzi wa ubora, ila hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Pua. Na Pua anavaa koti jeupe refu kama la daktari.

Pua wa zamani alizeeka akaenda Mbeya kukaa na wanawe, mkutano ukaitishwa, na mwenyekiti wetu, Mzee Ambokile, akauliza nani anaiweza kazi ile. Nikasimama. Nikawaambia pua yangu ni mpya, haijatumika, nimeitunza tangu utotoni chini ya moshi. Watu wakacheka, na sauti moja ikatoka nyuma: "Huyu si Gwakisa wa sigara?" Nikaanza kutafuta maneno. Ndipo Atupele akasimama, na yeye si mtu wa kusimama mikutanoni.

"Ameacha," akasema. "Mimi ndiye ninayefua mashati yake. Naliweka jina langu juu yake. Na akirudia, msihangaike naye, nitamvua hilo koti mimi mwenyewe mbele yenu."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi.

Kazi yenyewe ina namna yake, na mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Hunusi gunia kwa kuingiza kichwa kama mbuzi. Unachoma mkono ndani kabisa, unachota gao la mbegu, unazifumba kwenye viganja viwili, unazipulizia pumzi ya moto kutoka kifuani, haa, ili zipate joto zitoe harufu, halafu unafungua kidogo tu unanusa. Nilifundishwa hivyo na nikakipenda kile kitendo, maana kina heshima ndani yake, na watu wote wanakutazama mdomoni wakisubiri. Nikiinua kichwa nikasema "Pita," mtu anapumua. Nikisema "Moshi," gunia linarudi nyumbani.

Nilifanya kazi ile vizuri kabisa kwa muda wa kutosha kunivimbisha kichwa. Kisha ikaja wiki moja ya mvua tupu, na mwisho wake ikawa siku ya kupokea mzigo, lori linasubiriwa, tena mzigo wa kwanza mkubwa tangu nivae koti. Asubuhi ile nimekunywa chai yangu, mkono ukaingia mfukoni. Haukuwa umefanya hivyo siku nyingi. Nikautazama, nikautoa, nikaondoka nyumbani, na njiani nikaanza kuwaza hivi: mtu aliyeacha kweli hana sababu ya kuiogopa sigara. Anayeiogopa bado ni mtumwa wake. Kwa hiyo nikivuta moja, moja tu, nikaona haina la kunifanya, ndipo nitakuwa nimeacha kabisa kabisa. (Msicheke. Arosto ina akili kuliko walimu wote walionifundisha. Haiji kukuambia "vuta", ungeikatalia. Inakuja na hoja.)

Miguu ikanifikisha dukani kwa Bwana Salum. Huyu bwana babu zake walitoka Pwani, wao wako hapa Mbugani tangu mji ukiwa vichaka, ila lugha ile ya upole hajaiacha, hata akikudai utadhani anakuombea dua. Nikamwambia nimefikiwa na mgeni, mgeni anavuta, naomba sigara moja na kiberiti.

"Mgeni anavuta ipi?" akaniuliza.

Nikaitaja ileile niliyokuwa navuta mimi. Bwana Salum akainyofoa taratibu, akanipa, akaniangalia kwa huruma kama anayemuaga mtu anayevuka mto.

"Mpe salamu zangu mgeni," akasema. "Mwambie tulimkosa."

Nikaingia kwenye migomba nyuma ya ghala. Koti nikalitundika mbali (mnaona jinsi nilivyokuwa mwangalifu), nikawasha. Nikasikia raha, kisha kizunguzungu, kisha aibu, kwa mpangilio huo. Nilipofika katikati nikajiambia basi, nimethibitisha, nikaizima kwenye shina la mgomba. Sasa mtu aliyethibitisha angekitupa kile kipisi. Mimi nilikitia ndani ya kiberiti, kiberiti nikakitia mfuko wa koti, kwa ajili ya yule mgeni bila shaka. Nikatafuna majani ya mpera, mkono nikaufuta kwenye jani la mgomba, nikavaa weupe wangu nikatokea mbele ya watu. Nje ya geti nilimwona Bwana Salum ameshapanga meza yake ya sukari na majani ya chai, kama anavyofanya kila siku ya mzigo. Nikamsalimia kwa mbali.

Gunia la kwanza lilikuwa la mzee mmoja wa Ipyana. Nikachota, nikafumba, nikapuliza haa, nikanusa. Moshi! Moshi wa waziwazi, mkali, hata haujifichi. Nikafurahi sana, nisiwafiche. Nikasema kumbe pua bado ipo kazini. "Rudisha nyumbani, baba," nikamwambia. La pili, moshi. La tatu, moshi. Mama mmoja akaapa kwa jina la Kyala, Mungu wetu, kwamba kokoa yake haijaonja jiko, nikamjibu kwamba pua haisikii viapo. Gunia la nne, moshi, la tano lilikuwa na moshi kidogo kuliko mengine (nadhani hapo nilikuwa nimemeza mate), nikalirudisha hilohilo, na nikaona huu ndio wakati wa kuwahutubia. Nikapanda kwenye ubao wa mizani. Nikawaambia wanachama kwamba tamaa ya kukausha haraka itaiua Kyela, kwamba mtu asiyeweza kuushinda moshi jikoni kwake hataweza kushinda chochote, na kwamba ni nia tu. Lusajo aliinamia mizani yake.

Magunia yaliyokataliwa yakawa rundo kubwa kuliko yaliyopita. Watu wakaanza kunung'unika kwa Kinyakyusa, na hapo ujue mambo yameharibika, kwa Kiswahili huwa wananung'unika kwa heshima tu. Ndipo pikipiki ikaingia getini na mizigo miwili ya kokoa, nyuma yake pikipiki nyingine imembeba mama mkwe wangu kutoka Ikolo, kakaa upande kwa adabu zake zote, na Atupele akaja mbio kumpokea.

Mama mkwe ni mjane, na nyumba yake inavuja. Tulikuwa tumeshakubaliana nyumbani kwamba kokoa ile ndiyo bati. Hakuna kingine kilichokuwa kinatazamiwa, ni kokoa ile, na lori lilikuwa linaondoka siku ileile. Ikibaki, kwa unyevu ule wa wiki nzima, ingeota ukungu kabla ya mnada mwingine.

Nikamsalimia kwa kuinama. Nikachoma mkono. Nikachota, nikafumba, haa, nikanusa.

Moshi.

Nilitamani nisiwe na pua. Nikanusa mara ya pili, nikapuliza kwa nguvu zaidi ili nihakikishe, na moshi nao ukaongezeka. Wale wa magunia yaliyorudishwa walikuwa wamesogea karibu kuona Pua atafanyaje akikutana na mkwewe. Kichwani mwangu nikajiona mtu mkubwa, mtu wa haki, ambaye habari zake zitasimuliwa (hapo sikukosea). Nikasema kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie: "Mama, nisamehe. Hapa sheria haina mkwe. Moshi."

Atupele akanisogelea sikioni. "Baba Lugano, hilo ndilo bati la mama."

"Najua," nikamwambia. "Kazi ni kazi."

Mama mkwe hakupandisha sauti. Alinitazama tu, halafu akatazama kokoa yake, halafu mimi tena.

"Baba," akasema, "kokoa hii nimeianika juani. Mvua ikija naikusanya kwenye beseni, naiingiza chumbani. Nimelala nayo. Mimi jiko langu lipo nje, na tangu marehemu aondoke hakuna moshi unaoingia chumbani kwangu. Kama kokoa inanuka, na mimi nanuka. Ninuse."

Akanyoosha ncha ya kitenge chake. Jamani, kwetu sisi mbele ya mama mkwe hata kupiga chafya unaipigia nje, leo nimnuse? Nikarudi nyuma hatua, nikajikwaa kwenye ubao uleule niliosimama kuhutubia.

Mzee Ambokile akatoka ofisini kwake akauliza kulikoni, akaliona lile rundo, akavua kofia. Mama mkwe akamwambia, "Tata, sisemi mkwe wangu mwongo. Nasema atafutwe mtu mwingine anuse. Asiwe na kokoa, asiwe ndugu wa mtu hapa." Na kila kichwa, bila hata kuambizana, kikageuka kwenye meza ya sukari na majani ya chai. Bwana Salum anauza iliki, karafuu, mdalasini. Hajawahi kuvuta, na pua yake inaaminika. Akaitwa. Akaja anafuta mikono kwenye kanzu, haonyeshi furaha yoyote.

Akachota kokoa ya mama, akanusa. "Hii nzuri," akasema. "Inanukia kama siki kidogo, na tamu tamu. Moshi siuoni."

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema, "Ahaa, labda nina mafua," yangeisha. Lakini mimi nilikuwa nimevaa koti.

"Bwana Salum, hujui utaratibu," nikamwambia. "Kokoa hainuswi ikiwa baridi. Lazima ipuliziwe." Na ili kumfundisha, nikachota mwenyewe, nikafumba, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, nikaipulizia, haaaa, nikamletea viganja vyangu mpaka puani pake. "Haya, sasa."

Bwana Salum akanusa. Akafumba macho. Akayafumbua, akanitazama kwa huzuni kubwa.

"Sasa inanuka," akasema.

"Mmesikia!" nikawageukia watu.

"Inanuka moshi wa nini?" Mzee Ambokile akauliza. "Kuni? Mkaa? Mabua?"

Bwana Salum akaikunja mikono yake. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kuombea dua, akitaka kunisitiri kabisa, nina hakika alitaka kunisitiri: "Mzee, nisameheni. Mimi ni mfanyabiashara. Siri ya mteja wangu siitoi."

Kisha Lusajo kule kwenye mizani akapiga mluzi mrefu wa kushuka.

"Lete mkono," mama mkwe akasema.

Nikauficha nyuma, kana kwamba mkono ungeweza kurudishwa dukani. "Lete, baba." Nikautoa. Akaushika kwa vidole viwili, akaunusa, akaachia, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa taratibu. Baada yake Mzee Ambokile, kwa niaba ya uongozi. Baada yake yule mzee wa Ipyana wa gunia la kwanza, akisema na yeye ana haki. Ndugu zangu, walipanga foleni. Niliokuwa nimewarudishia kokoa wote walipanga foleni wakaunusa mkono wangu mmoja mmoja, na kuna bibi mmoja kabla ya kunusa aliusalimia kwanza ule mkono, "Ugonile," na akimaliza akashukuru, "Ndaga fijo," kana kwamba amepewa chai. Mwenye gunia la nne alirudia mara mbili, akidai mara ya kwanza upepo ulipita. Mwisho kabisa akaja Lusajo, amenawa kwa sabuni. Akanusa polepole kama mtaalamu.

"Kaka," akaniambia, si kwa ubaya hata kidogo, "ni nia tu."

Nikatafuta uso wa Atupele. Nilidhani atalia, au atanitukana, na vyote viwili ningevipokea. Hakufanya hata kimoja. Alikuja mbele yangu, akaanza kufungua vifungo vya koti kuanzia juu, taratibu, kama anavyomvua Lugano shati la shule, na mimi nikanyoosha mikono kumrahisishia kazi. Alikuwa amewaahidi. Alipomaliza alilikung'uta lile koti, akalivaa yeye. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Akatumbukiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti, akakitikisa. Kiberiti chenye njiti hakilii vile. Akakifungua mbele ya watu wote, kipisi kile kikatokeza kichwa.

Akakipeleka kwa Bwana Salum. "Mali yako."

"Binti yangu," Bwana Salum akasema kwa upole, "iliyokwisha washwa hairudishwi."

Hapo ndipo watu walipocheka, na walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Ila mimi sikuwasikia vizuri, kwa sababu mama mkwe alikuwa amenisogelea, na alichoniambia alikisema kwa sauti ya chini, kwangu tu.

"Mume wangu alivuta mpaka akafa," akasema. "Lakini hakunificha. Nilimwona akivuta, nilimwona akikohoa, nilijua ninachokiuguza. Wewe unamficha nani? Mwanangu atauguza kitu asichokijua?"

Nilitamani arudie kuninusa mbele ya wilaya nzima, kuliko kuniuliza vile.

Magunia yote yaliyokataliwa yakarudishwa kwenye mizani, na nani mnadhani aliyabeba? Nilibeba mgongoni moja baada ya jingine, Atupele kasimama mlangoni na koti linaloburuta, anachota, anafumba, haa, ananusa, "Pita." Mikono yake safi, pumzi yake safi, kazi ilikwenda kama maji. Moja tu alilirudisha, lile la mama aliyeapa kwa Kyala, kwa sababu kumbe kweli lilikuwa na moshi wa kuni (huyo mama naye alinitukana mimi, sijui kwa nini). Mkutano uliofuata haukuuliza hata swali. Atupele ndiye Pua mpaka leo, koti wamelipunguza, na mama mkwe anaezeka.

Na sigara je? Sivuti. Siwaambii nimeacha, neno hilo silitamki tena mbele ya mtu, maana mara ya kwanza nilipolitangaza niliishia kulifanyia kazi lile tangazo badala ya kuifanyia kazi sigara. Nimerudi kwenye karanga. Siku za mzigo tunakaa chini ya mkorosho mimi na Lusajo, yeye anajaribu tena, mimi najaribu tena, tunatafuna kama mbuzi wawili, na akianza kuniambia inamrudisha, simpi ushauri. Namsogezea mfuko wa karanga. Tangawizi ya kutafuna pamoja na karanga hizo analeta mama mkwe mwenyewe kutoka Ikolo, ananikabidhi mkononi, na mkono anaunusa papo hapo bila kuuliza.

Lakini mtihani wenyewe ni siku ninayopeleka kokoa yangu. Napanga foleni kama mwanachama yeyote. Nikifika mbele, Atupele hanijui wala hanichekei. Anachota, anafumba, anapuliza, ananusa. "Kokoa, pita," anasema, na foleni nzima inanyoosha shingo kwa sababu wanajua kinachofuata. "Mkono." Namnyooshea. Anaufumba ndani ya viganja vyake viwili, anaupulizia pumzi ya moto, ananusa, halafu anachelewa kulisema lile neno, najua anachelewa makusudi, na kila mara hapo, mkono wangu ukiwa mikononi mwake, naapa upya kwamba sitanunua tena sigara maishani mwangu, hata ya mgeni.